Mapipa Mawili ya Hadija

Sogeeni karibu, sauti yangu haipandi tena, na hapa Bugembe malori hayajui kunyamaza. Mkubwa wenu ameniambia nyinyi ndio mnaoanza kazi ya mazingira, wengine mtabaki hapa Jinja na wengine mtapelekwa Mbale, akaniomba niwape nasaha. Nasaha sina. Nina visa tu, na kimoja nitakisimulia mpaka mwisho, maana ndicho kilichonifundisha kazi.

Mimi naitwa Zaina. Mnaniita Hajati, na mimi napenda kuitwa hivyo, endeleeni. Kazi yangu ilikuwa hii: maji yakichafuka mahali, naenda. Samaki wamekufa, naenda. Mto umegeuka rangi, naenda. Gari halina petroli, nachukua baiskeli. Baiskeli haina tairi, miguu nimepewa na Mungu. Nyinyi leo mna vipimo vya mkononi vinavyotoa jibu kabla mtu hajamaliza kupiga chafya. Mashallah, vitumieni. Lakini kipimo kinakuambia maji yana nini. Hakikuambii nani anaogopa kukwambia kwa nini.

Nilianza wakati vita vimeisha juzi tu. Utawala wa kijeshi ulikuwa umeanguka, wengine wameingia, na kila mmoja alipokuwa akiingia au kutoka watu walikuwa wanapora. Ofisi yetu ya maji ilikuwa imeporwa mpaka vitasa vya milango. Hadubini walichukua wakatuachia mfuniko wake. Mkuu wetu alikuwa Mzee Waiswa, Msoga mwembamba mwenye sauti ndogo, ambaye hakupata kunipigia kelele hata siku niliyostahili. Yule mzee alikuwa anauweka mfuniko ule mezani, mgeni akija anamwambia, "Vifaa vyetu ndivyo hivi, karibu."

Chupa za sampuli nazo hakuna. Tulikuwa tunaokota chupa za waragi, tunazichemsha, tunakwenda nazo. Siku moja Okello, dereva wetu, aliona uvivu kuchemsha. Maji yakapelekwa maabara, jibu likarudi kwamba maji ya bomba lile yana pombe. Mzee Waiswa alisoma, akavua miwani, akasema, "Kumbe ndiyo maana mtaa ule hawajaleta malalamiko." Okello alichekwa mwaka mzima. Kwa hiyo, wanangu, chupa hata ikiwa mpya ya dukani, isuuze kwanza kwa maji yale yale unayokwenda kuyachukua, kisha ijaze pomoni usiache hewa. Na usitie pua kwenye mdomo wa chupa kama mtu anayeonja mchuzi. Ishike mbali, upunge mkono, harufu ikufuate yenyewe. Ninaye rafiki aliyenusa kwa pupa, mpaka leo hasikii harufu ya kitunguu.

Sasa Masese, pale ukingoni mwa ziwa wanapoishi wavuvi.

Asubuhi moja ikaja habari kwamba samaki, wale ngege, wanaelea tumbo juu pale mwaloni inapofikia mitumbwi. Tukafika, mimi, Mzee Waiswa na Okello. Ufukwe ulikuwa umejaa wanawake wanaokausha samaki, na katikati yao mmoja amesimama peke yake, wenzake wamemwachia nafasi kama mtu mwenye msiba. Huyo alikuwa Hadija. Mumewe, Ismail, mvuvi, alikuwa amechukuliwa na askari alfajiri ile. Miaka ile ya njaa kulikuwa na wavuvi wanaotia sumu majini ili wavue bila jasho, na Ismail ndiye aliyekuwa wa kwanza kuingia ziwani siku hiyo. Basi, askari wakaona wamempata mtu wao. Alikuwa anangoja lori limpeleke kambi kubwa. Na nyinyi mlizaliwa juzi, lakini waulizeni bibi zenu: waliopelekwa kambi kubwa si wote waliorudi.

Mimi nikaruka kutoka garini na koti langu la kaki. Lilikuwa koti la ofisi, sikuwa na jingine. Nikapaza sauti kwa Kiswahili safi, "Jamani, njooni hapa wote! Nani aliona samaki wakianza kufa?"

Wallahi, sijapata kuona watu wakipotea namna ile. Nilipofumba na kufumbua, pale pamebaki moto, masufuria, na kandambili moja ya mtoto. Hadija mwenyewe alikuwa ameingia katikati ya vibanda, simwoni.

Mzee Waiswa alisimama kando yangu. "Zaina," akasema, "umewafukuza kuliko bunduki."

"Nimesema nini kibaya?"

"Hujasema kibaya. Kiswahili chako ni kizuri mno, na hapo ndipo penye taabu. Kwa watu hawa, Kiswahili kizuri ni cha askari, kilikuwa kinakuja usiku kugonga mlango."

Iliniuma. Nasema wazi, iliniuma mpaka machozi. Babu wa babu yangu aliletwa nchi hii kutoka Sudani akiwa askari, sisi Wanubi mnatujua, na nyumbani kwetu Bugembe Kinubi na Kiswahili ndizo lugha za kubembelezea mtoto. Mama yangu aliniombea dua kwa Kiswahili siku naanza kazi. Na sasa naambiwa lugha ya mama yangu inatisha watu! Nikamjibu mzee kwa hasira, "Basi nikae kimya kama gogo?" Akasema, "Hapana. Kaa chini kama mtu."

Nikavua kaki nikaitupa garini. Nikajifunga leso, nikaenda kukaa kwenye gogo karibu na moto mmoja uliokuwa unataka kuzimika, nikaupuliza. Alipochungulia mwanamke wa kwanza nikamsalimu kwa Kisoga, "Kodheyo, nyabo," halafu nikaendelea na maneno mengine ya Kisoga niliyokuwa ninayajua, yakatoka yamevunjika vibaya. Akacheka. Akamwita mwenzake aje asikie. Nikavunja tena, makusudi safari hii. Muda si muda nina wanawake wamenizunguka, wananisahihisha wote kwa pamoja, na mmoja amenipa muhogo wa kuchoma. Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, ndivyo wanavyosema, lakini siku ile kujikwaa ulimi ndiko kulikonisaidia.

Huku tunacheka, macho yangu yalikuwa majini. Hili lishikeni. Usiangalie aliyekufa tu, angalia aliyekufa pamoja naye, na angalia aliye hai. Kule ndani ziwani ndege walikuwa wanavua na wanameza, hawana shida. Waliokufa walikuwa ufukweni: ngege wadogo, kaa, viluwiluwi, hata konokono. Na walikuwa wengi zaidi kwenye mawe ambayo wanawake hufulia. Nikasogea, nikapunga mkono juu ya jiwe moja. Harufu ikanijia, nami naifahamu tangu utotoni, maana mjomba alikuwa na ng'ombe. Dawa ya kupe. Ile wanayoogeshea ng'ombe kwenye josho.

Nikamwambia Mzee Waiswa pembeni, "Sumu haikutoka kwenye mtumbwi. Imetoka nchi kavu. Mtu ameosha kitu hapa."

"Kitu gani?"

"Ama debe, ama pipa."

Tukatazamana. Wakati wa vita ghala la mifugo lilivunjwa kama maghala mengine yote, na vitu vya ghalani vikaingia majumbani. Pipa la chuma lilikuwa mali, jamani! Lilikuwa linawekwa maji, linapikiwa pombe, likikatwa linakuwa tanuri la kukaushia samaki. Lakini askari walikuwa wametangaza kwamba atakayekutwa na mali ya ghala atahesabiwa mwizi, na mwizi naye alikuwa anangoja lori lile lile. Sasa nani atafungua mdomo?

Nikarudi kwa wanawake nikawaambia, "Sikilizeni. Mimi siulizi kitu kimetoka wapi. Nauliza kiko wapi. Maji haya msinywe, mtoto asioge hapa, samaki hawa msile wala msiuze. Na aliyeosha kitu kwenye jiwe lile, sumu imeshaingia mwilini mwake, itamtetemesha mikono na kumjaza mate."

Hapo wote wakageuka kumtazama Hadija. Alikuwa ametoka vibandani, amesimama nyuma. Mikono inamtetemeka, jasho linamtiririka, anatema mate kila mara. Walidhani ni uchungu wa mumewe. Hata mimi nilikuwa nimedhani hivyo.

Nikamchukua nyuma ya kibanda, nikamvua gomesi, lile gauni lake lililoloa, nikammwagia maji ya mtungini kwa sabuni, namsugua kama mtoto. Hakukataa. Nikiwa namsugua akaniuliza kwa sauti ya chini, kwa Kiswahili, "Dada, nikisema nimeosha pipa, wataniua mimi. Nisiposema, watamuua Ismail. Nichague nini?"

"Usichague," nikamwambia. "Niambie mimi tu."

Akaniambia. Walikuwa wanataka pipa walikate walifanye tanuri. Akalipeleka ziwani alioshe kabla mumewe hajaamka. Ndani kulikuwa na kidogo kimebaki. "Nilipomwaga ziwani," akasema, "yale maji yakageuka meupe kama maziwa. Nikasema labda ni sabuni." Dawa ya josho ndivyo ilivyo, ikikutana na maji inakuwa nyeupe. Sikuwa na haja ya maabara tena.

Okello akamkimbiza hospitali. Pipa tulilikuta chini ya majani ya migomba nyuma ya nyumba. Tukalifunga kizibo, tukalifunika, tukalipandisha garini Okello aliporudi. Na hili nalo: sumu haimwagwi. Ukiimwaga umeihamisha tu, umempelekea mwenzako.

Kisha tukaenda kwa askari. Mzee Waiswa alitaka kusema yeye, nikamwambia, "Hapa niachie mimi." Nikavaa koti langu la kaki, nikafunga vifungo vyote. Kamanda alikuwa kijana kutoka magharibi ya nchi, mkali, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Nikampigia Kiswahili kile kile kilichowafukuza watu wa Masese.

"Afande, jambo. Tumekuja kukuonyesha aliyeua samaki."

"Iko naye?" akauliza.

"Yuko garini, afande."

Nikaomba mabeseni mawili. Moja nikalitia maji ya jikoni kwake. Jingine nikalitia maji yale yale, na juu yake kikombe cha maji niliyosuuzia pipa. Yakawa meupe mbele yake. Nikatia katika yote mawili vingege vidogo hai nilivyovua kule ambako ndege walikuwa wanakula. Askari wakajazana kutazama kama watu wa mpira. Vingege vya beseni jeupe vikaanza kuzunguka ovyo, vikalala ubavu. Vya beseni la maji safi vinaogelea, havina habari.

"Sasa, afande," nikasema, "huyu Ismail alikuwa ndani ziwani, na ndani ziwani samaki wako wazima. Mtu anayetia sumu avue, si atawaokota samaki wake? Wale wote wako ufukweni, hakuna aliyewagusa. Sumu hii imetoka kwenye pipa bovu lililooshwa."

Alichutama kando ya beseni jeupe. Halafu akauliza lile nililokuwa ninaliogopa. "Pipa ni ya nani? Nani aliiba?"

Mzee Waiswa akakohoa. Nikamtazama kamanda machoni. "Pipa ni la serikali, afande, na serikali ndiyo mimi niliyekuja nalo. Yako mengine mjini hayajapatikana. Leo ukimkamata aliyekuwa na hili, kesho kila mwenye lake atalifukia au atalimwaga ziwani, na maji ya kambi yako yanatoka ziwa lile lile."

Alilitazama beseni. Alimtazama mpishi wake. Ala! Mpishi alikuwa ameacha kupumua. Kisha kamanda akacheka kidogo, cheko la mtu aliyechoka, akasema, "Mama, wewe ni mgumu. Chukua mtu yako, kwenda." Ismail akatolewa, ana vumbi na midomo imepasuka, hajui kwa nini anaachiwa. Lori lilifika jioni likarudi bila yeye.

Mngedhani kisa kimeisha. Mimi pia nilidhani. Tukampeleka Ismail hospitali kwa mkewe, nikasimama mlangoni niwaachie faragha, nikifurahi moyoni kama mtu aliyeshinda kesi. Hadija alipomwona mumewe alilia, akamshika uso, kisha akainua kichwa akanitafuta mimi.

"Dada Zaina, yalikuwa mawili."

"Mawili nini?"

"Mapipa. Lingine nilimpelekea mama yangu Mbale, kwa lori la mtu tunayemfahamu. Anachota maji mtoni na mgongo umepinda. Nikasema mvua zikianza akinge. Lile lilikuwa halijafunguliwa. Limejaa."

Akaanza kujipiga kichwa kwa ile mikono inayotetemeka. "Nilitaka kumfanyia mema!" Ismail akaishika mikono. Mimi nilikuwa nimeshageuka namwita Okello.

Njia ya Mbale wakati ule ilikuwa ya kupitia Tororo, na kila mahali kizuizi. Shuka, fungua, unatoka wapi, hilo koti umepata wapi. Kiswahili changu kilifanya kazi siku hiyo mpaka kikakauka. Tulipoukaribia mji, wingu jeusi lilikuwa limeshuka juu ya Wanale, ule mlima unaoufunika mji, na upepo unanuka mvua. Nilikuwa naona mbele ya macho yangu bati, na pipa chini ya bati, na yule mama anachota kwa kata. Nilisoma kila dua niliyofundishwa.

Tukamkuta mama yake Hadija, Mama Nambozo, nyumbani kwake karibu na mto Nabuyonga, anapepeta maharage. Mzima. Nikamsalimu kwa Kigisu, "Mulembe," akaitikia. Chini ya bati palikuwa na sufuria tu. Nikakaa pale pale chini.

Pipa lilikuwa ndani, kando ya kitanda chake. Amelifunika kitambaa kilichoshonwa maua, juu yake taa na Kurani. Nikashika kizibo. Hakijaguswa.

"Mama," nikamuuliza, na jirani akanitafsiria, "mbona hukulifungua?"

Akanitazama kama nimeuliza jambo la kitoto. "Mwanangu hajakanyaga hapa tangu vita vianze. Ameniletea kitu hiki. Nikikifungua nikaanza kukitumia, atasema mama ameshapata, hana haja nami tena. Nitakifungua siku atakayokuja mwenyewe."

Mzee Waiswa akamweleza: sumu, samaki, hospitali. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasimama mbele ya pipa lake akaeneza mikono. "Watu wa serikali mlichukua ng'ombe. Mkachukua mabati. Mkamchukua mume wangu, mkasema mnamuuliza maswali tu. Hiki hamchukui. Amekileta mwanangu."

Sasa sikieni. Sheria ilikuwa upande wetu. Mji huo ulikuwa na askari, ningekwenda kuwaita wakalibeba, na bibi wa umri ule angefanya nini? Okello alinitazama akingoja niseme. Nikamtazama yule mama na mikono yake mirefu iliyoenea. Nikamwambia Mzee Waiswa, "Wewe baki hapa naye. Pipa lisiguswe. Mimi narudi Jinja."

"Kuchukua nini?"

"Si amesema atalifungua siku atakayokuja mwanawe?"

Mzee Waiswa akatabasamu, akavuta kigoda akakaa. Mama Nambozo akaona huyu hana haraka, akampikia malewa, yale machipukizi ya mianzi wanayoyapenda Wagisu, na nasikia alikula sahani mbili. Watu wa ofisini baadaye walinilaumu kwa petroli. Nikawaambia basi waninyang'anye koti, walipie petroli yao. Miaka yote iliyofuata, mapipa ya ghala lile yalikuwa yanaletwa ofisini kwetu Jinja kwa mikokoteni, kwa baiskeli, jingine limefichwa ndani ya jeneza, na hatukumuuliza mtu limetoka wapi.

Kesho yake, daktari aliporidhika, nikarudi Mbale na Hadija na Ismail. Nilimnunulia Mama Nambozo mitungi mipya sokoni kwa ajili ya maji, ipo nyuma ya gari inagongana. Hadija alishuka amejiinamia, anaogopa uso wa mama yake, akaanza kusema kutoka mbali, "Mama, nisamehe, mama, pipa lile..."

Mama Nambozo hakulitazama pipa. Aliishika ile mikono ya mwanawe, akaona bado inatetemeka kidogo, akaibana kwapani mwake kama anavyofanyiwa mtoto aliyerudi na baridi. Okello akaanza kushusha mitungi. Kisha yule mama akanigeukia, macho yamejaa maji, akanionyesha mlango kwa kidevu.

"Haya," akasema, "chukueni pipa lenu."

Tukaliinua, Ismail na Okello upande mmoja, mimi na Mzee Waiswa upande wa pili. Mvua ilianza tukiwa bado hatujafika garini.